Damu Iliyopelekwa Ng'ambo

Hata kabla hajaanza shule, Sanga alikuwa akitembea kwa ncha za vidole kama mtoto anayenyatia kuku. Majirani wa Ukunda walicheka, na mamake Mbodze akajilazimisha kucheka nao, lakini moyoni alikuwa ameshajua. Mwendo ule aliwahi kuuona. Kwao, upande wa Kinango, kaka zake wawili walitembea hivyo hivyo, kisha wakaanza kuanguka ovyo, kisha wakawa hawawezi kuinuka mpaka washike magoti yao na kujisukuma juu kwa mikono. Hakuna hata mmoja wao aliyeota ndevu. Mkubwa aliitwa Sanga. Mbodze alimpenda kuliko ndugu zake wote, na alipojaliwa mtoto wa kiume akampa jina lake.

Ukweni walilishika jina hilo. "Umemwita marehemu, naye amekuja," mama mkwe alimwambia. Mbuzi alichinjwa, ngoma ya pepo ikapigwa, jina likabadilishwa mtoto akawa anaitwa Baya. Miguu ikazidi kulegea. Likarudishwa jina la kwanza. Alipofika darasa la tatu, babake Katana, aliyekuwa mwashi wa nyumba za kupangisha kule Diani, akawa anambeba mgongoni kumpeleka shule kabla hajashika njia ya kazini. Katana hakuwa mtu wa maneno. Alimbeba tu.

Mbodze alifanya kazi katika londri ya hoteli moja ya ufuoni. Kutwa alikuwa akitoa mashuka kwenye mashine, na aliyekuwa akiyapiga pasi alikuwa Nereah, mjane kutoka Siaya kule bara, mwanamke wa kicheko kikubwa na Kiswahili kilichokatwakatwa. Nereah ndiye aliyemwambia, "Mama Sidi, hiyo mambo ya pepo wachana nayo. Mpeleke mtoto hospitali, mimi nitakushikia zamu."

Hospitalini Msambweni walimkuta daktari kijana aitwaye Lennox, mtu wa bara, mpole. Alimlaza Sanga chini akamwambia ainuke. Alipomwona akijisukuma kwa mikono juu ya magoti, akamgeukia Mbodze.

"Mama, kwenu kulikuwa na wavulana wengine wa namna hii?"

"Kaka zangu wawili."

"Na watoto wako wengine?"

"Ni mmoja tu, msichana, Sidi. Mzima kabisa. Mkubwa, yuko tayari kuolewa."

Daktari akamweleza polepole. Huu ni ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, nao hurithiwa. Mwanamke huubeba ndani ya damu yake asijue wala asiumwe. Akizaa mvulana, aweza kumpa. Akizaa msichana, msichana huyo naye aweza kuubeba akaja kuwapa wanawe.

"Basi ni mimi," Mbodze alisema.

"Si kosa lako, mama."

"Dawa yake je?"

"Bado. Yuko daktari mmoja Nairobi anayeufanyia utafiti. Angependa kuja huku pwani azione jamaa kama yenu, achukue damu ipelekwe ng'ambo ikapimwe. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haina fedha."

"Kwa hiyo zinazokosekana ni fedha tu?"

Daktari Lennox alifungua mdomo ili ajibu, lakini muuguzi akamwita mbio kwa mgonjwa mwingine. Mbodze akambeba mwanawe akatoka, na lile neno "bado" akaliacha pale pale mezani. Alilotoka nalo ni fedha.

Nyumbani alimwambia mumewe yote bila kuficha. Katana alisugua saruji iliyokauka kwenye vidole.

"Wamesema fedha zikipatikana watautafuta?" akauliza.

"Ndivyo."

"Basi tuzitafute."

Mbodze alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Aliposikia hivyo alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Walianza hivyo. Nereah ndiye aliyekuwa moto wa shughuli. Baada ya kazi alipita kwenye vibanda na maduka ya Ukunda akieleza habari za mtoto kwa watu asiowajua. Jamaa nyingine zenye maradhi yale zikajitokeza: mzee mmoja wa Matuga aliyelea mjukuu, na Mwanarusi, mama wa Kibuyuni mwenye wavulana wawili, mkubwa hawezi hata kuketi bila kuegemezwa. Salimu, kijana aliyekodisha vipaza sauti kwenye harusi, akasema vyombo vyake atavitoa bure, fungu lake atalipata kwa Mwenyezi Mungu. Harambee ikapangwa mwisho wa Agosti, mwaka wa tisini na saba. Meneja wa hoteli aliahidi kuleta wageni wake. Mwanarusi alikuwa akimwambia kila mtu, "Inshallah mwakani wanangu watasimama."

Agosti ilipofika katikati, vita vikazuka Likoni na kuteremka mpaka Ukunda. Nyumba za watu wa bara zilichomwa, watu wakauawa. Nereah alikuja kwa Mbodze na mfuko mmoja, miguu mitupu. Walimficha chumbani kwa Sidi, na majirani wawili watatu walijua wakanyamaza. Kulipotulia kidogo, Katana akamsindikiza hadi kanisani, wenzake walikokuwa wakingoja malori ya kuwarudisha bara.

Mlangoni, kabla hawajaondoka, Nereah alimshika Mbodze mabega. "Hiyo harambee usiiache. Umesikia? Usiiache."

"Utarudi tuifanye pamoja."

Hakurudi. Mbodze aliuliza kwa waliorejea, hakuna aliyekuwa na habari zake.

Wageni nao walikimbia. Hoteli ikafunga ghorofa moja, kisha nyingine, na londri ikakosa mashuka ya kufua. Mbodze akaambiwa akapumzike mpaka atakapoitwa, asiitwe. Katana hakupata nyumba ya kujenga. Kisha zikaja mvua zile zilizokata barabara na kubomoa madaraja, malaria ikajaa kila nyumba, na Sanga akaacha kabisa kusimama.

Harambee ilifanyika mwaka uliofuata, katika uwanja wa shule, bila meneja na bila wageni. Waliokuja ni watu waliopunguzwa kazi kama Mbodze mwenyewe. Walileta nazi, mahindi, kuku. Jogoo mmoja alinadiwa, aliyemnunua akamtoa anadiwe tena, akanadiwa hivyo mpaka watu wakacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Sanga alikuwa amewekwa mbele ndani ya toroli la babake, kwa kuwa kiti cha magurudumu hakikuwapo. Salimu alifikiri anasaidia. "Mtazameni mtoto huyu!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Mtazameni miguu!" Watu walimtazama, wakatoa walichonacho. Sanga aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Walipofika nyumbani alisema, "Mama, usinipeleke tena."

"Ni kwa ajili ya dawa, mwanangu."

"Najua. Lakini usinipeleke."

Michango ilitosha kumleta yule daktari wa Nairobi na kuisafirisha damu. Watoto walitolewa damu, na mama zao pia. Sidi, aliyekuwa ameshaolewa Mkwiro, alivuka maji akaja naye kutolewa, akisema kama damu yake yaweza kumfaa ndugu yake, waichukue yote.

Majibu yalirudi karibu na Krismasi. Daktari Lennox, aliyekuwa amerudi kazini baada ya vita, aliwaita Mbodze na Sidi chumbani kwake akafunga mlango. Sidi alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Daktari aliliona tumbo lile, akaweka kalamu chini.

Alisema kasoro imepatikana, ile ile kwa Sanga na kwa Mbodze. Na kwa Sidi pia.

"Sasa dawa inakuja lini?" Mbodze aliuliza, kana kwamba hayo mengine hakuyasikia.

"Mama, dawa haipo."

"Lakini tumechanga. Wametafuta, wameipata."

"Wameipata kasoro. Hawajui kuitengeneza. Pengine baadaye sana, kwa watoto ambao hawajazaliwa. Nilidhani siku ile ulinielewa. Nilipaswa kuhakikisha."

"Na Sanga?"

Daktari alitikisa kichwa.

Sidi alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mlizungusha kapu Kwale nzima," alimwambia mamake, "ili mje kuniambia mimi hivi?"

Walitoka pamoja mpaka barabarani, kila mmoja akashika njia yake.

Wengine ilibidi waambiwe. Ukunda zilianza kusikika sauti kwamba Mbodze amezila fedha za wagonjwa, na hizo hazikumwuma sana. Kilichomwuma ni Kibuyuni. Mwanarusi alimkaribisha, akamtandikia mkeka, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu mkubwa amekufa mwezi wa Rajabu," Mwanarusi alisema. "Kila alipolia nilimwambia avumilie, dawa iko njiani. Nilimdanganya, kumbe."

"Nimewadanganya mimi."

"Huyu mdogo sasa nitamwambia nini?"

Ndani, yule mdogo alikuwa akiita maji.

Sidi alijifungua mtoto wa kiume. Salamu zilifika, mtoto hakuletwa. Mbodze hakwenda Mkwiro. Aliogopa kumwona, na aliogopa zaidi kwamba Sidi angeiona hofu hiyo usoni mwake. Siku zake zilipita kwa kumgeuza Sanga ubavu huu na ubavu huu asipate vidonda. Katana alimbeba kumtoa nje kwenye jua, na mtoto mrefu yule alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa akiwa darasa la tatu. Kifua kilimbana wakati wa baridi ya Julai. Alipumua kwa shida siku kadhaa, akafa mchana, babake akiwa amemwegemeza kifuani.

Sidi alikuja matangani na mtoto wake. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, wakanyamaza alipoingia. Alipiga magoti mbele ya mamake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweka mtoto mikononi mwake. Alikuwa mnene, mchangamfu, akitupa miguu. Mkono wa Mbodze ulijiendea wenyewe mpaka kwenye paja la mtoto, ukaanza kulibonyeza.

"Usimkague, mama," Sidi alisema kwa sauti ya chini. "Mbebe tu."

Mbodze aliuondoa mkono. Alimbeba, mtoto akashika ushanga wake akauvuta, na wanawake wakarudi kwenye maombolezo.