Kutu Haigongi

Gari lilikuwa lake, si la marehemu mumewe, ingawa watu wengi wa Flint, mji wa viwanda vya magari, walisahau hilo. Odessa Pruitt alilinunua akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, kwa mshahara wa kiwanda cha giaboksi, enzi ambazo mwanamke akishika usukani wa gari la silinda nane linalonguruma kama radi, wanaume walimwona amekalia kiti chao. Milango miwili, rangi ya zambarau iliyoiva. Kwenye taa za barabarani vijana walimchungulia wakacheka, na taa ikigeuka kijani wakabaki na moshi wake.

Maisha yakaenda kama yaendavyo. Akaolewa na Lamar, mtu mpole aliyependa kiti cha abiria. Kiwanda kikapunguza watu, mwisho kikafungwa. Majirani wakahama mmoja mmoja, nyumba zao zikaota magugu hadi vizingitini. Odessa hakuhama. Wiki moja baada ya kumzika Lamar aliingia bandani, akaketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo. Ikasikika kelele ya chuma kikitafuna chuma, kisha kimya. Akashuka, akafunga mlango wa banda, na kwa miaka kumi na saba hakuufungua. Ndugu wakasema ameliacha gari lioze. Hakubisha, maana hata yeye aliamini hivyo. Kila alipokwenda kutupa taka alipita kando ya banda akitazama upande mwingine, kama mtu anayempita mwenzake aliyemkosea.

Kiangazi hiki mdogo wake, Verlon, alimng'ang'ania. Mwezi wa Agosti magari ya zamani hupita kwa msafara kwenye ile barabara ya matofali katikati ya mji. "Mwaka huu na wewe utapita, dada. Mimi nitakaa kiti cha Lamar." Wakafungua banda. Injini ikakataa kuzunguka hata unywele. Verlon akang'oa plagi zote za kuwashia, akamimina mafuta ya kulainisha kutu ndani ya kila silinda, akasubiri, akamimina tena. Alipomulika tochi matunduni aliona kuta za silinda zinang'aa, bila doa la kutu, lakini hilo halikumtikisa. "Kutu imejificha," alisema. Gari likilala miaka yote hiyo, mji mzima unajua ugonjwa wake: pistoni zimekamatwa na kutu. Nani ahangaike kutafuta mwingine?

Jumamosi akaja jirani, Thurman, na pikapu yake na mnyororo.

"Bi Odessa, dawa ya huyu ni kuvutwa. Tunatia gia ya pili, mimi navuta, Verlon anaachia klachi. Hapo pistoni ama ziachie ama zivunjike."

"Na zikivunjika?"

Thurman akajikuna shingo. "Basi tutakutafutia injini nyingine."

"Sitaki nyingine. Hiyo nimeijua kabla sijamjua Lamar."

"Dada, tumeibembeleza mwezi mzima," Verlon akasema.

"Wewe toka utotoni ukikuta mlango umekwama, unatumia bega. Mama alinunua bawaba kama wenzake walivyonunua mkate."

Thurman akacheka, lakini mnyororo ulikuwa umeshafungwa. Odessa alijua kwamba injini ikipasuka leo, atakuwa ameliua gari mara mbili. Akaomba jambo moja: Verlon ajaribu tena kwa mkono, yeye asikilize.

Verlon akavalisha spana kwenye bolti ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akachomeka bomba kuongeza urefu, akaegemea. Hakuna kitu. Akaachia, akaegemea upande wa pili. *Tak.* Akarudisha. *Tak.*

Odessa alifumba macho. Kiwandani, kazi yake ilikuwa kusikiliza gia zikizunguka na kutenga zile zenye kasoro. Lamar alizoea kulalamika kwamba hata friji ya nyumbani haipati amani. Sasa sauti ilitoka nyuma, chini, mbali na pistoni.

"Kutu haigongi," akasema. "Kutu hushika kimya kimya. Hapo jino limeshika jino."

"Hata goti langu linalia hivyo, Bi Odessa, na halina meno," Thurman akasema.

"Basi lipeleke chini ya gari likapumzike. Fungua stata."

Stata, ile mota ya kuwashia injini, ina gia ndogo inayochomoza, kung'ata gurudumu la meno nyuma ya injini, kulizungusha, kisha kurudi ndani. Isiporudi, injini hufungika kama mlango wenye komeo. Odessa aliikumbuka ile kelele ya chuma kikitafuna chuma. Hakutaka kutumaini.

"Ikitoka na injini bado imekwama," akasema, "vuteni. Sitasema neno."

Thurman akaingia chini ya gari. Bolti ya kwanza ya stata ilitoka. Ya pili ikawa mwiba. Bomba la moshi liliziba njia, mkono wa Thurman ukaingia nusu, spana ikaanza kula kona za kichwa cha bolti. Wakaipasha moto kwa gesi, wakaigonga taratibu, wakaiacha ipoe, wakaipasha tena. Thurman akaitisha nyundo kubwa.

"Nyundo utaiona ukitoka humo," Odessa akasema, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kaza kidogo kwanza. Halafu ndiyo ulegeze."

"Nikaze kitu ninachotaka kukifungua?"

"Mkeo hajakufundisha chochote?"

Akakaza. Akalegeza. Bolti ikatoa mlio wa kuku aliyekanyagwa, ikaachia. Stata ikamwangukia kifuani, naye akatukana kwa heshima, maana mwenye nyumba yupo. Gia yake ndogo ilikuwa bado imechomoza, meno mawili yametafunwa.

Verlon akashika tena ile spana, kwa vidole tu safari hii, kama anayegusa paji la mgonjwa. Akavuta.

Injini ikazunguka.

Ilizunguka laini, bila ugomvi, na mafuta yote aliyomimina mwezi mzima yakaruka kutoka kwenye matundu ya plagi yakamwosha uso na shati. Kisha Thurman, akiwa bado chini, akaanza kucheka, na kicheko chake kikalijaza banda.

Odessa alipumua pumzi ndefu, akahisi mabega yake yanashuka, na akashangaa kwamba muda wote huo yalikuwa juu.

"Kumbe sikuliua," akasema.

"Nani alisema umeliua?" Verlon akauliza, akijifuta macho.

"Wewe. Sikukuu ya Shukrani, mbele ya watu, una paja la bata mzinga mkononi."

"Nilikuwa nimelewa, dada."

"Ulikuwa umekunywa soda. Sogea."

Thurman alikuwa akieleza wapi stata nyingine itapatikana, na kwamba Agosti bado haijafika, lakini Odessa hakumsikiliza. Alishika spana kwa mikono yake miwili, akavuta. Pumzi ikatoka kwenye silinda moja, ikafuata nyingine, kama mzee anayejigeuza kitandani bila maumivu. Hakukuwa na sababu ya kuendelea kuizungusha. Akaizungusha tena.