Muhogo Uliofungwa Kitambaa

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu. Tulikuwa bado wakimbizi huko Tanzania, na shangazi yangu alinikuta shambani nimekaa, jembe liko chini. Mihogo ilikuwa imeingiwa na batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano. Akaniuliza mbona sikagui mashina. Nikamjibu kwamba mwaka uliopita shina moja lilikunjana hivyo hivyo, likapona lenyewe, na muhogo wake tukaula. Ulikuwa mtamu, sitadanganya.

Shangazi hakugomba. Alichana upindo wa kitenge chake, akafunga kila shina lililokunjana. "Jani umeliona," akasema. "Kilichoingia ndani ya jani umekiona?"

Tukawa tunarudi kuangalia. Lililotoa majani mapya safi tuliliacha. Lililoendelea kukunjana tuliling'oa, maana batobato si moja: iko inayopita, na iko inayokaa mpaka muhogo unabaki kama kidole.

Shule mi nilisoma kidogo, na darasa lenyewe lilikuwa linavuja. Tuyaache hayo.

Mwaka juzi mjukuu wangu Spès, ninayeishi naye hapa Butihinda, kwetu Burundi, alipimwa hospitali ya Gitega pamoja na rafiki yake Mariamu, muuza vitambaa. Wote waliambiwa wana kirusi cha mlango wa kizazi, tena cha aina moja. Mariamu aliporudi kupimwa mwaka uliofuata, kilikuwa kimeondoka bila hata kidonge. Basi Spès akagoma kurudi.

"Changu na cha Mariamu ni kimoja, Bibi. Kitaondoka tu."

Na ni yeye mwenyewe aliyenisimulia maneno ya muuguzi! Kwamba kirusi hicho kina aina nyingi, na hata vya aina moja, ndani havifanani vyote, kama watoto wa tumbo moja. Mara nyingi mwili hukifukuza. Kingine hukaa miaka, kikiharibu mlango wa kizazi polepole kabla kansa haijafika. Kipimo kile kinataja aina, hakionyeshi kila tofauti ya ndani. Na miili nayo haifanani.

Nikachana kitenge, nikamfunga mkononi.

"Kwa hiyo mi ni muhogo?"

"We ni muhogo wangu. Nenda wakaangalie jani jipya."

Alicheka, lakini kesho yake akapanda pikipiki. Gitega walikuta mahali pameanza kuharibika, si kansa bado, wakapachoma kwa kifaa cha joto. Mwakani anarudi kuangaliwa tena. Kitambaa hajakifungua, na kimeshachakaa.

Mwanangu, usipone kwa mwili wa mwenzio. Ukiambiwa rudi, rudi, hata kama jirani yako amepona. Aibu ya kulala mbele ya muuguzi ni ya dakika chache, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu akutunze. Kila jani jipya la maisha yako litoke safi, na lile litakalokunjana lionekane mapema.