Jiwe Nililolifunga Kwenye Kitenge

Naona haya hata kuanza, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko Baba Masunga, maana yeye lazima aongeze chumvi, na mkasa wenyewe hauhitaji.

Kuna binti mmoja mtafiti, Neema, alikuwa anakuja kijijini kwetu huku Geita kuangalia mawe ya mtoni. Si mawe hasa, ni yale magamba meusimeusi yanayoota juu yake ndani ya maji, ambayo sisi tangu utotoni tunayaita ukoga. Akatuambia si ukoga, ni kuvu na mwani wamefunga ndoa wakajenga juu ya jiwe, na tope likiwafunika wanakufa, kwa hiyo wakiwa wazima ujue mto bado mzima. Tukamshika huyo Neema kama mboni ya jicho, maana kuna watu walitaka kufungua mwalo wa kuoshea dhahabu kule juu, na mto ule ndio tunaokunywa. Alhamisi angemleta afisa wa maji aone mwenyewe. Mimi akaniachia kazi ya kuyatazama mawe.

Jumanne nikakuta maji yamepungua, jiwe moja, lile zuri kuliko yote, limebaki nje linapigwa na jua. Roho ikaruka! Ningeweza kulisukuma tu kwenye maji (si mnaona?), lakini na kiherehere changu nikalifunga kwenye kitenge kilicholowa nilipeleke nyumbani kwenye beseni. Njiani huyo, Baba Masunga, mchimbaji aliyestaafu (mchimbaji hastaafu, anapumzika tu).

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "umebeba nini kizito hivyo?"

Mtu mzima mwenye wajukuu niseme nimebeba ukoga? Nikajibu, "Ni mambo yangu tu, baba," nikaongeza mwendo.

Jamani! Huku kwetu utoke mtoni na jiwe kwenye kitenge, useme ni mambo yako, halafu ukazane kwenda!

Jumatano asubuhi nikasikia vishindo. Nikakimbia mtoni na kandambili moja. Watu wamejaa, sululu, koleo, makarai, wengine siwajui kabisa, yaani rashi kamili ya dhahabu, na mawe ya Neema yamepinduliwa yote, maji yamekuwa uji wa mtama. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Mama Kulwa, lete hilo jiwe tulione wote."

Nikalileta. Baba Masunga akalitemea mate, akalisugua kwa kidole, akaligeuza juani.

"Sasa hii ni nini?"

"Ukoga," nikasema.

Kikaanza kicheko, mtu anakaa chini kabisa anashika mbavu, na mimi nalia kwa hasira, nawaambia, "Chekeni, kesho afisa anakuja, mtamwonyesha nini?" Hapo ndipo walipokoma. Mchana kutwa tukayarudisha mawe, kila mtu ananiuliza, "Mama, upande wa juu ni upi?" Na mimi sijui, yote yamekuwa tope.

Alhamisi Neema hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alichuchumaa kando ya beseni langu, nilimolirudisha lile jiwe, akatazama sana, akasema, "Hili zima, mama."

Nikafufuka! "Basi mwonyeshe afisa!"

"Mama Kulwa, afisa amekuja kuona mto. Hili ni beseni."

Sitasahau. Afisa akasema atarudi mvua zikishausafisha mto, na wale wa mwalo hawajasema kama watasubiri. Jiwe nimelirudisha majini, na kila asubuhi naenda kulichungulia roho mkononi.

Juzi nimekutana tena na Baba Masunga, nina kifurushi. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Ni chupi, baba, nimetoka nazo mnadani!"

"Mayu, mbona sijauliza?"

"Najua. Lakini nimeshasema."