Kipande Kilichopaswa Kutupwa

Kwa miaka kumi na tisa Enid Tranter aliwapakulia watoto wa shule viazi vya kuponda, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mikono ile iliwahi kukata filamu. Mwenyewe alikuwa ameshazoea kunyamaza. Lakini siku tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa sinema ya mtaani kwao, kwamba Jumapili saa nane mchana Sir Desmond Farrant angekuja kuonyesha picha yake ya kwanza na kuzungumza na watu, viazi vilimuungulia siku mbili mfululizo.

"Nenda," Beryl, mwenzake wa jikoni, alimwambia. "Nenda ukamtemee mate."

"Sina haja ya mate. Nataka aseme mbele za watu kwamba mkono uliokata picha ile ulikuwa wangu. Basi."

"Mate ni rahisi zaidi, shoga."

Enid alikuwa na miaka kumi na tisa mwaka 1958, picha ile ilipotengenezwa. Shule aliiacha akiwa na kumi na tano, akaingia studio iliyokuwa nyuma ya mtaa wao kufagia sakafu ya chumba cha kukatia filamu. Hakukuwa na mahali alipopapenda kama pale. Vipande vya filamu vilining'inia kwenye misumari midogo juu ya mapipa yaliyotandikwa kitambaa cheupe, na dirisha lilipofunguliwa vilicheza kama nguo kambani. Gundi ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kwa hofu ya moto, hakuna aliyevuta sigara mle ndani. Percy Stubbins, mkataji mkuu, aliibana isiyowashwa mdomoni kutwa nzima. Percy ndiye aliyemvisha glavu nyeupe za pamba na kumfundisha kuunganisha.

"Mimi naweka alama kwa penseli ya nta," alimwambia. "Wewe unakata penye alama. Usifikiri, binti. Ukifikiri tu, tumekwisha."

Desmond Farrant alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwana wa mchungaji, kola yake haikosi kuwa imesimama upande mmoja. Alikuwa ametengeneza matangazo ya sabuni na ya biskuti, na picha hii ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee. Jioni alikuja kukaa juu ya pipa lililofunikwa, akala mkate wa nyama wa Enid bila kuomba, akamwonyesha kipande cha maagano, akamuuliza, "Wewe ungelia hapo, Enid? Sema kweli."

"Nisingelia, bosi. Ningemwambia afunge mlango, baridi inaingia."

Akacheka mpaka akapaliwa. Enid hakuwahi kuulizwa na mtu mwenye elimu anaonaje jambo lolote. Hilo ndilo lililomponza, akamwamini.

Basi kulikuwa na kipande cha mlangoni. Mke anaagana na mumewe, mume anaondoka. Kwa kawaida kile kibao chenye namba ya kipande hupigwa mbele ya kamera mwanzo, kisha waigizaji wanaanza. Siku hiyo kilisahauliwa, kikapigwa mwishoni kikiwa kimegeuzwa chini juu, ndiyo desturi yao kikisahauliwa. Maana yake kamera iliendelea kuzunguka baada ya maneno kwisha, ikingoja kibao, na yule aliyeigiza mke akabaki amesimama akidhani kazi imekwisha. Uso ukamshuka. Akang'ata ngozi ya kidole. Akatazama barabara tupu.

Hayo yalikuwa ya kutupwa. Percy aliweka alama yake mwisho wa maneno. Lakini Enid alikuwa na haraka, na jicho lake lilizoea kibao kuwa mwanzo. Akakihesabu kibao kuwa kichwa cha kipande. Akakata penye alama kama alivyofundishwa, akaunganisha upande wenye kibao, upande usio wake, na maagano yote akayatundika msumarini.

Kesho yake wenye fedha walikaa kutazama. Mlango ulipofunguka hapakusikika neno. Uso tu, kidole, barabara. Enid alikuwa amesimama nyuma.

"Ni kosa, bosi," Percy alinong'ona. "Tutalirekebisha."

"Nani amefanya hivi?" Desmond akauliza.

"Mimi," Enid akasema.

Desmond aligeuka akamtazama. "Atakayekigusa kipande hicho nitamfukuza kazi," akasema. Nje, kwenye ngazi, alimshika mabega yote mawili. "Jina lako litakuwa kwenye picha, Enid. Nakuapia."

Picha ilipotoka, Enid alimpeleka mama yake, wamevaa kofia. Majina ya waliofanya kazi yakapanda kwenye skrini mpaka la mwenye kuchunga farasi. Lake halikuwepo. Desmond alisema chama cha wafanyakazi kingemzuia kwa sababu hana kadi. Na kadi ilihitaji sahihi ya Desmond mwenyewe, na sahihi hakuitia. Picha iliyofuata alikuja na kijana wa chuo kikuu, na kijana akapewa kiti cha Enid.

Tangu hapo Desmond alipigisha kibao mwishoni katika kila picha yake. Watu wakaandika vitabu kuhusu ukimya wa picha zake. Akaenda Amerika, akarudi na nyumba na mke mwingine. Malkia akamgusa bega kwa upanga, akawa Sir.

Jumapili ile alipanda jukwaani akiwa na fimbo, kola bado imesimama upande mmoja, na moyo wa Enid ukamsaliti, ukamlainikia. Watu wakamuuliza kuhusu kile kipande cha mlangoni.

"Nilimwambia mpiga picha asizime," mzee akasema. "Nilijua kuna kitu kinakuja."

Enid akasimama. "Na kibao, Sir Desmond? Kilikuwa wapi?"

Mzee akakinga macho kwa kiganja. Akatafuta. Kisha akatabasamu kwa furaha isiyo na hila hata chembe. "Enid! Jamani, huyu ni Enid, alikuwa akituletea chai!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi mazuri, ya upendo. Enid aliona wazi kwamba mzee hadanganyi. Ndivyo alivyokwisha kujisimulia miaka yote, na ndani ya simulizi hilo Enid alishika birika tu.

"Chai alileta Maud," akasema. "Mimi nilikata. Nilikata upande usio wake na wewe ukaniuliza nani amefanya."

Wachache wakacheka. Msimamizi akasema muda umekwisha, taa zikazimwa, picha ikaanza. Enid akakaa, akitafuta mkono wa koti lake ili aondoke.

Jirani yake, mwanamume mnene mwenye mfuko wa peremende, akamsogelea. "Upande usio wake kivipi, mama?"

"Ah, ni habari ndefu."

"Picha nimeshaiona mara tisa. Sema."

Akamweleza, polepole, kwa mikono: hapa alama, hapa kibao chini juu, hapa maneno. Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka.

"Nyie, tunatazama!"

"Ndiye aliyekata," mwanamume akamwambia.

Mwanamke akamkagua Enid kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akaegemeza kiwiko juu ya mgongo wa kiti, picha akaipa kisogo.

"Anza mwanzo," akasema. "Na usinong'one sana, sikio langu la kushoto halisikii."