Sifa Nilizompa Mpasuaji wa Vichwa

Miaka ya sabini nilifanya kazi katika kiwanda cha majani chai upande wa Nyamira. Siku moja gogo la kuni za boila liliniangukia kichwani. Jeraha likapona, maumivu yakabaki. Hospitalini walinipa vidonge, nikameza mpaka nikachoka, na kichwa bado kinagonga. Mwishowe mama, Msabato ambaye hakutaka hata kusikia habari za waganga, alinipeleka mwenyewe kwa omobari, mpasuaji wa vichwa, karibu na Ekerenyo.

Alinipasua mchana kweupe nyuma ya migomba, wajomba zangu wakinishikilia. Sindano ya ganzi? Thubutu! Alifungua ngozi, akakwangua mfupa taratibu huku akiniuliza habari za ng'ombe wetu. Nilimtukana matusi yote niliyoyajua, naye akacheka tu. Mvua zilipoanza nilikuwa nimerudi kazini, mzima wa afya.

Ndipo akaja mtu wa bima kutoka Kisii, kuhusu fidia yangu. Akauliza nani alinitibu. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilivua kofia, nikamwonyesha kovu, nikammwagia yule mzee sifa kama bwana harusi. Nikasema hakuna daktari anayemfikia, nikaeleza mpaka njia ya kwenda kwake. Mjinga mimi, nilidhani bima ingemlipa na yeye, pengine hata serikali impe leseni!

"Bima haimjui mtu asiye na leseni," alisema, na fidia ikaishia hapo. Sikujua kwamba maneno yangu yangefika kwa polisi.

Walimchukua yule mzee. Alipoachiliwa, visu vyake vilibaki kituoni, na chifu akamwonya kwamba akigusa kichwa cha mtu tena atafungwa. Nilikwenda kumwomba msamaha, akanikaribisha uji wa wimbi. Afadhali angenifukuza.

Mwaka uliofuata mama aliteleza shambani, akapiga kisogo kwenye jiwe. Maumivu yakawa yale yale yangu. Nilimpeleka kwa yule mzee, aibu imenijaa mpaka shingoni. Alimpapasa kichwa kwa vidole gumba, polepole, mpaka mama akapiga kelele.

"Ni hapa," alisema, kisha akaondoa mikono.

"Tata, baba yangu, tafadhali," nikamsihi. "Safari hii sitasema neno kwa mtu."

"Ulinisifu, mwanangu, nikalala ndani. Mama yako akipona, utaweza kweli kunyamaza?"

 Alimfunga mama leso kichwani vizuri, akatusindikiza hadi barabarani.

Hospitalini mama naye alipewa vidonge. Aliishi na maumivu yale miaka yake yote iliyobaki, na hakunilaumu hata kidogo, jambo lililoniumiza kuliko kisu. Kila walipomuuliza kanisani mbona mwanawe alipona na yeye bado anaugua, alijibu kwamba ni uzee tu.