Nimevunja eda kumtafutia mwanangu bunduki za taa

Sasa hivi mwanangu amenielekezea mwiko kifuani akasema "tii!", ikabidi niinamishe kichwa nife mpaka amalize kuhesabu kumi. Alipofika kumi akanishika shavu, "Haya mama, taa zimewaka." Kaenda uani kufukuza bata, nami ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Admin, naomba jina langu lisionekane, maana huku Korogwe tunajuana.

Nina miaka ishirini na mbili, niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea. Mtoto wangu ni huyu mmoja, ana miaka mitano, hapa nitamwita Swalehe. Baba yake alifariki wiki mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani. Homa siku nne, siku ya tano tukazika. Mimi nakaa eda hapa kwa mama mkwe. Wanaoijua eda wanajua, ni miezi minne na siku kumi, hutoki ila kwa shida kubwa kama ugonjwa, hujipambi, na kwenye shughuli za furaha huonekani.

Watu wanasema nina moyo mgumu kwa sababu sijalia tangu msiba. Sio moyo mgumu. Ni kama mkono ulioulalia, unauona ni wako lakini ukiugusa hausikii kitu. Mtoto naye alinyamaza. Alikuwa anakaa kizingitini kutwa nzima, wenzake wakimwita haendi. Kitu kimoja tu alikuwa ananiuliza, "Mama, Idi imefika?" Baba yake alimwahidi kwamba Idi hii atampeleka kwenye bunduki za taa. Ni mchezo ulioingia huku juzijuzi, mnavaa fulana zenye taa, mnapigana kwa miale, ukipigwa taa zako zinazima.

Idi pili mama mkwe akaenda Mashewa kusalimia ndugu. Nikamvalisha Swalehe kanzu yake, nikavaa baibui na kufunika uso, tukapita mlango wa uani. Nilikuwa kama namtazama mwanamke mwingine anaondoka.

Uwanja wa kwanza hapa hapa mjini, wamechora mstari ukutani, mtoto asiyeufikia haingii. Swalehe akasimama kwa vidole, bado akapungua. Akashuka, hakulia, akaniangalia tu. Yule dada wa mlangoni akasema Segera wanapokea hata wadogo. Tukapanda gari la abiria, Noah, mpaka Segera. Kufika, umeme umekatika tangu asubuhi, bunduki zote hazina chaji, vijana wamelala kwenye mabenchi. "Nenda Handeni mama, kule wana jenereta." Hapo ndipo ningerudi nyumbani. Mtu mwenye akili yake angerudi. Mimi nikauliza gari la Handeni linapita saa ngapi.

Handeni tulifika Adhuhuri imeshapita. Wamezungushia uwanja maturubai meusi, ndani wamepanga marobota ya mkonge ya kujifichia. Kijana akamtazama Swalehe akasema, "Huyu anaingia, ila na mkubwa wake. Vaa na wewe mama." Nikamwambia mimi siwezi. Akasema, "Basi mtoto naye hawezi." Nikavaa. Fulana ya taa juu ya baibui la eda. Wale vijana wakaanza kupiga kelele, "Jamani ninja kaingia! Leo mmekwisha!"

Sikuona haya wala raha, nilisimama tu nyuma ya robota. Swalehe akanizunguka akanipiga mgongoni, taa zikazima. Yule kijana akahesabu mpaka kumi, zikawaka tena. Mtoto wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akaja akanishika baibui, akaniuliza taratibu, "Mama, kwa nini baba hatukumhesabia?"

Nikamvua fulana ya taa, tukawahi gari la kurudi kabla mama mkwe hajafika.

Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi. Leo asubuhi wifi yangu kaja na simu. "Wifi, hii kanzu si ya Swalehe? Na huyu ninja ni nani?" Video ilishafika kwenye grupu la familia. Mama mkwe akaiangalia mara mbili, akaweka simu chini, akasema, "Mwanangu hata udongo wake haujakauka, wewe unacheza bunduki?" Nikampigia magoti. Akanijibu hana neno na mimi, ila mjukuu wake hatalelewa na mwanamke wa namna hii. Amemwita baba mkubwa wa Swalehe kutoka Mashewa, leo baada ya Alasiri wanakaa kikao, na akiondoka ataondoka na mtoto.

Wifi ndiye aliyenihurumia. Aliniita jikoni akaninong'oneza, "Sema mtoto alizidiwa ukampeleka hospitali Handeni, mkapitia pale wakati wa kurudi. Kwa ugonjwa hakuna wa kukulaumu. Wewe mkazanie tu na mtoto aseme hivyohivyo." Na mimi nimemkazania, ndugu zangu. Nimemkalisha nikamwambia ukiulizwa sema tulienda hospitali. Akafikiri, akaniuliza, "Hospitali ile yenye bunduki?"

Nikisema kweli, wanamchukua. Nikidanganya, safari ya mwisho ambayo baba yake alimwahidi nitakuwa nimemwambia aikane kwa mdomo wake, na ndiyo siku pekee aliyocheka. Bado nina tumaini, mama mkwe sio mtu mbaya, na yeye kafiwa, labda nikimweleza alivyocheka atanielewa. Au nitakuwa nimejimaliza mwenyewe? Wenye watoto, na mliowahi kukaa eda, nishaurini nifanye nini kabla hawajaka

ngojeni naitwa, mama mkwe anasema nitoke niwasalimie wageni. Nasikia baba mkubwa ameshampakata Swalehe, anamuuliza siku ile mama alikupeleka wapi, na Swalehe anamwambia tulienda