Filimbi ya Mkubwa wa Mtaa

Nakumbuka Jumamosi moja kule Bukavu, wiki chache baada ya mtawala wetu wa miaka mingi kukimbia nchi. Mwanangu, juzi nyumbani kwenu Sterling, huku ughaibuni, uliniuliza kwa Kiingereza kwa nini nchi haikutulia alipoondoka. Baba yako akainuka upesi kwenda kuchemsha chai, maana anajua jambo hili linamhusu. Mimi shangazi yako nakujibu kwa Kiswahili, kama tulivyozoea. Ukikwama, muulize yeye.

Enzi zile tulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa kila Jumamosi. Mkubwa wa mtaa alipuliza filimbi, na asiyetoka alichapwa. Basi mtawala alipokimbia tulicheza barabarani mpaka viatu vikakatika. Mkubwa wa mtaa naye akatoroka, na hakuna aliyetaka kulisikia tena neno salongo. Mitaro ikajaa taka. Tuliishi mlimani, tukijua mvua ikija maji yatapita ndani ya nyumba, lakini kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Hatukuwahi kufanya jambo pamoja bila kuchapwa, mwanangu. Ugonjwa ulianzia hapo.

Baba yako, mdogo wangu Mugisho, alikuwa kijana mwenye damu inayochemka. Akaiokota ile filimbi kwenye nyumba ya mkubwa aliyetoroka, akakusanya wenzake wenye fimbo, wakaanza kututoa majumbani. Nia yake ilikuwa njema, sikatai. Lakini jirani yetu mmoja, mzee mwenye mgongo mbovu, alipochelewa kutoka, Mugisho akamwinulia fimbo.

Mama yetu akaja na jembe mkononi, akasimama katikati yao. Hakupaza sauti.

"Mugisho, mwana wangu, nilifurahi sana ule muntu kukimbia. Sikujua kama alikuachia filimbi yake."

Fimbo ya baba yako ilikuwa bado iko juu. Nilimwonea haya, nikamwonea na huruma.

"Sasa tufanye namna gani, mama?" akauliza.

"Chimba. Wenye kupenda watakuja."

Mama akaanza kuchimba. Mugisho akatupa fimbo na filimbi, akachukua jembe. Yule mzee akaleta beleshi lake. Kufikia mchana karibu mtaa mzima ulikuwa mtaroni, tukibishana nani achimbe wapi, na nilifurahi mno kusikia watu wakibishana bila hofu. Mvua ilipokuja, maji yalifuata mtaro.

Wenzake wawili hawakuziacha fimbo. Walihamia mtaa mwingine, wakautawala, baadaye wakapata bunduki. Hawakurudi kwao. Ndiyo maana baba yako anapolalamikia baridi ya Sterling, mimi moyo hunitulia. Yuko hai, na alalamike atakavyo!

Basi shika haya. Mtawala akianguka, usitazame tu nani anakalia kiti chake. Jichunguze wewe mwenyewe amekuachia nini: kungoja amri, kumwogopa jirani, au kuinua fimbo. Ukipewa kuongoza watu, hata hicho kikundi chenu cha vijana kanisani hapo jirani, Alexandria, anza kazi kwa mikono yako, na wanaokupinga wasikilize mpaka wamalize.

Mungu akujalie amani katika nchi ulimozaliwa na katika ile tuliyoiacha. Na siku utakayokosea, akuletee mtu wa kusimama mbele yako anayekupenda.